Karo la nyumba ya Maskati

Kikundi: JIRANI WA UCHOCHORONI

Jumatano

[17:52] Zuhura: Asalam aleikum jamani

[17:52] Zuhura: Mfuniko wa karo, lile shimo la maji machafu la nyumba ya Ami Seif wa Maskati, umevunjika. Kipande cha upana wa sinia kimezama ndani. Pale pale ubavuni mwa ukuta, njia ya watoto kwendea chuo cha Kurani.

[17:53] Zuhura: 📷 Picha

[17:53] Zuhura: 📷 Picha

[17:55] Zuhura: Sote tunajua pale maji yanavyotuama. Masika haya mvua ikipiga nusu saa tu uchochoro mzima ni bwawa, shimo halionekani. Mtu atakanyaga maji kumbe anakwenda na karo.

[17:56] Zuhura: Nimeweka kiti kibovu, na tawi la mwarobaini nimelichomeka lenye kitambaa chekundu. ASIONDOE MTU.

[18:24] Zuhura: Waliosoma 26. Kimya.

[18:26] Salum Vespa: W/salaam. Tunasoma taratibu dada, wengine tunatafuta miwani 😂

[18:31] Mama Yusra: Hicho kiti cha buluu kwenye picha ya pili ni cha nani?

[18:32] Zuhura: Mama Yusra, kiti si hoja.

[18:33] Mama Yusra: Nauliza tu. Naona mgongoni kina JU kwa rangi nyeupe. Viti vya mtaa vyote vina JU mgongoni.

[18:33] Salum Vespa: Lo! 🤣🤣🤣

[18:35] Mama Yusra: Vilitoka viti arubaini, vikarudi thalathini na tatu. Nikaambiwa mie sijui kuhesabu, mbele za watu. Leo kimoja kimefufuka.

[18:36] Zuhura: Nimekiokota nyuma ya banda la kuku

[18:36] Mama Yusra: Banda la nani?

[18:37] Hamad mpangaji: Ujumbe huu umefutwa

[18:37] Mama Yusra: Nimeshausoma Hamad

[18:40] Zuhura: Jamani KARO. Watoto wa chuo wanatoka baada ya Magharibi, kiza.

[19:02] Maalim Faki: Masalkheri. Leo nimewapitisha upande wa msikiti mpaka barabarani, nikawavusha mwenyewe. Kesho siwezi. Ile njia ina bodaboda wasioangalia, na mdogo kabisa chuoni ana miaka minne, hashikiki mkono.

[19:03] Zuhura: Ahsante Maalim. Mmesikia?

[19:04] Abdalla Mkuu: 👍

[19:10] Hamad mpangaji: Dada Zuhura, mie mpangaji. Mfuniko ulianza ufa tangu Shaaban, nikamwambia mwenye nyumba, akasema tutazame. Nikawa natazama. Sasa nisije nikaonekana mie ndiye niliyevunja.

[19:11] Salum Vespa: Hamad una kilo ngapi lakini

[19:11] Hamad mpangaji: 😒

[19:13] Zuhura: Na jambo la pili Hamad, ule waya wa mota unaotoka kwako mpaka kisimani umelala chini, nimeuona leo umezama kwenye maji na una kiungo cha plasta katikati.

[19:14] Hamad mpangaji: Hauna umeme ule. Umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, umeisha tangu jana.

[19:14] Salum Vespa: 😂😂😂 Usalama wa kweli huo, hatufi kwa kuwa Hamad hana pesa

[19:15] Zuhura: Na ukitia umeme usiku huu?

[19:19] Zuhura: Hamad?

[19:31] Hamad mpangaji: Nimeuchomoa. Nitaupitisha juu ya ukuta.

[19:33] Zuhura: Sheha, kiongozi wa mtaa, nimempigia, kasema atakuja asubuhi. Lakini kuna usiku mzima kabla ya asubuhi. Kila nyumba elfu tano, tumtafute Fundi Makame. Natuma orodha.

[19:50] Salum Vespa: Mie pesa sina lakini nguvu ninazo. Kesho nafunga kamba kiunoni nashuka nikitoe kile kipande kisije kikaziba. Karo lenyewe si refu.

[20:41] Nasra Nesi: Nimetoka zamu sasa hivi nimesoma yote. HASHUKI MTU HUMO.

[20:42] Salum Vespa: Nesi kwa dakika mbili tu, pumzi nazuia

[20:46] Nasra Nesi: Salum sikiliza. Ile harufu ya mayai viza ukiisikia ni nafuu yako. Gesi ikizidi pua inakufa ganzi, huisikii tena, unadhani hewa imekuwa safi. Nayo ni nzito kuliko hewa, imelala chini huko huko unakokwenda wewe. Mtu anazimia kwa pumzi mbili tatu, hata kuita hawahi. Kamba kiunoni haikusaidii ukishaanguka umejaa tope na juu yuko Hamad peke yake anavuta.

[20:47] Nasra Nesi: Na anayemuona mwenzake kaanguka huwa hafikiri, anaruka kumtoa. Ndiyo mambo haya huua watu wawili watatu kwa pamoja.

[20:48] Nasra Nesi: Wala mtu asiende kuchungulia na kibiriti au sigara mdomoni. Mna gesi nyengine mle inashika moto.

[20:50] Salum Vespa: Basi tushushe kuku kwanza, kama zamani walivyoshusha ndege mgodini kupima gesi 🐔

[20:50] Mama Yusra: Kuku wa banda lipi?

[20:50] Salum Vespa: 🤣🤣🤣🤣 Mama Yusra umeniua

[20:51] Abdalla Mkuu: 😂

[20:51] Mwanaisha: 😂😂 jamani

[20:52] Khamis Juu: Kwani kimetokea nini

[20:52] Zuhura: Khamis soma juu

[20:53] Khamis Juu: Ndefu

[20:57] Nasra Nesi: Chekeni. Karo likijaa maji ya mvua litamwaga, na bomba letu linalovuja pale chini ya ngazi, maji yakikatika linavuta uchafu ndani, yakirudi mnauteka kwenye ndoo. Kipindupindu cha 2015 na 2016 mmekisahau mara hii? Chemsheni maji ya kunywa kuanzia leo.

[21:06] Ilham wa Bi Mkubwa: 🎤 Sauti 1:38

[21:09] Ilham wa Bi Mkubwa: Bibi kaniambia niandike pia, maana wengine sauti hamsikilizi.

[21:12] Ilham wa Bi Mkubwa: Anasema: Salum, mwanangu, karo la nyumba ya mpera nyinyi mmelisahau, mie sijalisahau. Alishuka mdogo, akafatwa na mkubwa. Maji ya kuwakoshea niliyateka mimi kisimani kwa mikono hii. Majeneza mawili mlango mmoja, na mama yao kakaa kizingitini, hata kulia hakuweza.

[21:13] Ilham wa Bi Mkubwa: Anasema: Viti viachwe. Hilo karo lifunikwe usiku huu kabla hamjalala. Na Seif aambiwe kuwa aliyesema ni mimi.

[21:34] Salum Vespa: Naam bibi. Nisamehe.

[21:35] Salum Vespa: Nipo barazani. Niambieni nibebe nini.

[21:36] Mama Yusra: Bi Mkubwa nimesikia. Mie nina mlango wa mvule wa ile nyumba iliyobomolewa. Njooni muuchukue.

[21:37] Mama Yusra: Lakini naandika hapa kila mtu aone: mlango mmoja, mvule, bawaba mbili. Umetoka mmoja, urudi mmoja.

[21:38] Zuhura: Umeandikwa Mama Yusra 🙏

[21:44] Fundi Makame: Salaam. Nilikuwa msikitini. Msiweke bati, bati linateleza na linaficha shimo bila ya kubeba mtu. Mlango sawa. Lakini msisimame ukingoni kuuweka, ukingo wenyewe umeoza. Laza mlango mbali, usukumeni kwa boriti, upite ukingo dhiraa nzima kila upande. Juu yake matofali, na mapipa pembeni mtu asipite juu.

[21:46] Fundi Makame: Mfuniko ule niliuangalia alasiri. Umemwagwa bila nondo, hata waya hamna. Halafu gesi hiyo anayoisema Nesi inakula zege kwa chini. Juu unaona zima, chini limeshakuwa unga. Na mifuniko mengine mingi humu uchochoroni ni ya fundi yule yule.

[21:47] Zuhura: Fundi gani?

[21:47] Fundi Makame: Tusifike huko

[21:47] Salum Vespa: Sasa Makame umesema nusu, malizia

[21:48] Fundi Makame: Kagueni ya majumbani kwenu. Gonga kwa fimbo, usiruke juu yake. Ikilia mvungu, niite.

[22:30] Salum Vespa: 📷 Picha

[22:30] Salum Vespa: Tayari. Mie, Hamad, Maalim na vijana wawili wa barza. Mapipa matatu, la nne limetoboka. Hamad katoa taa ya betri.

[22:31] Zuhura: Mwenyezi Mungu awalipe. Maalim na umri wake!

[22:33] Maalim Faki: Nilishika kurunzi tu.

[22:40] Zuhura: Sasa fundi, mfuniko mpya unataka nini?

[22:52] Fundi Makame: Nondo za milimita 12, unene inchi nne, saruji moja mchanga mbili kokoto nne. Namwaga pembeni juu ya nailoni, si juu ya karo. Unamwagiwa maji siku saba, mtu asikanyage. Kisha wanaume wanane wa kuunyanyua. Wanane wa kweli, si wa 👍

[22:53] Abdalla Mkuu: 👍

[22:53] Zuhura: Na hizo siku saba mlango utabeba? Nani wa zamu ya kuangalia mvua ikipiga?

[23:48] Seif Maskati: Asalam aleikum. Nimeona sasa, huku tumewatangulia saa moja, nilikuwa nimelala. Poleni. Lakini naomba ieleweke nyumba si yangu peke yangu, ni ya urithi, tuko sita. Kila kinachoharibika naambiwa mie kwa kuwa niko Maskati. Paa nilitengeneza mie. Wenzangu wako Mpendae hapo hapo hawaulizwi.

[23:50] Zuhura: Ami Seif shikamoo. Ya paa tunayajua. Lakini karo halijui urithi, anayepita ndiye atakayetumbukia.

[23:51] Seif Maskati: Marahaba. Sijakataa. Nasema waulizwe na wengine.

[23:53] Zuhura: Bi Mkubwa kasema uambiwe kuwa aliyesema ni yeye.

[23:53] Seif Maskati: Kasema mwenyewe?

[23:54] Ilham wa Bi Mkubwa: Sauti ipo hapo juu Ami, ya saa tatu na dakika sita

[00:07] Seif Maskati: Nimesikia. Saruji nitatuma mie inshaallah. Nondo waulizeni wa Mpendae. Namba ya dada yangu, Zuhura anayo.

[00:08] Zuhura: Ninayo. Hapokei.

Alhamisi

[05:38] Maalim Faki: Sabalkheri. Mvua imepiga tangu saa tisa. Maji yamefika nusu ya pipa. Mlango haujasogea, lakini kuna mtu kaondoa tofali mbili akafanya njia ya kukanyagia kwenda mlangoni kwake. Nimezirudisha. Sitaji jina, lakini viatu vimeacha alama.

[05:41] Mwanaisha: 🙈

[06:15] Khamis Juu: Alhamisi njema nyote. Umesambazwa mara nyingi: TUMA KWA WATU KUMI UPATE RIZIKI

[06:16] Zuhura: Khamis!

[06:50] Zuhura: Waliotoa: Bi Mkubwa, Maalim, Nasra, Mama Yusra (mlango + elfu tano). Waliosema inshaallah: kumi na nne. Inshaallah hainunui nondo.

[06:52] Salum Vespa: Mie niandike nguvu kazi

[06:55] Mama Yusra: Na viti sita vilivyobaki nani anavyo? Nauliza kwa amani.

[07:20] Zuhura: Sheha kaja kaona. Kasema leo atapita kuikagua na mifuniko mengine, kila mwenye nyumba awepo. Fundi anataka kuanza Jumamosi ikiwa nondo zimepatikana. Dada yake Ami Seif kapokea, kasema atazungumza na mumewe.

[07:21] Nasra Nesi: Jumamosi nina zamu, lakini Ijumaa usiku naweza kukaa barzani. Maalim asikeshe tena kwenye unyevu.

[07:22] Zuhura: Ijumaa Nasra. Leo usiku nani?

[07:48] Zuhura: Leo usiku nani?

[08:03] Hamad mpangaji: Leo mie. Lakini mtu anitilie umeme wa elfu mbili niwashe taa ya nje, ile ya betri inakwisha.

[08:10] Salum Vespa: Fundi, zile kokoto mbele ya duka la pembeni ni za nani? Naona hazina mwenyewe.

[08:10] Zuhura: Salum usichote cha mtu

[08:12] Salum Vespa: Nshachota ndoo mbili