Kemia ya kidato cha kwanza: tuanzie Mto Zigi au kitabuni?

Mwalimu wa kemia, Pongwe
Maji ya bomba ya Jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani. Masika yakikolea mto unabeba tope. Mimi nasema somo lianzie hapo. Yeyusha gramu 1 ya shabu, ile chumvi ya alumini ya kusafishia maji, katika mililita 100 za maji safi. Panga bika nne (glasi za maabara), kila moja nusu lita ya maji ya mto, utie mililita 1, 2, 3 na 4 za myeyusho huo. Ni sawa na miligramu 20, 40, 60 na 80 kwa lita. Koroga upesi dakika moja, kisha polepole dakika 15, uache yatulie nusu saa. Tope linashikana vibonge, linazama. Mtoto ameshagusa myeyusho, mchanganyiko na vipimo kabla hajakariri hata fasili moja.

Fundi maabara, Chumbageni
Angalizo: shabu inashusha pH, kipimo cha uasidi wa maji. Maji yakiwa laini, dozi ya 80 inaweza kuyatia uasidi hadi vibonge visishikane, na darasa likadhani shabu ni mbovu. Pima pH kabla na baada. Ikishuka chini ya 6, ongeza maji ya chokaa kidogo kidogo. Litmasi haitoshi, haitoi namba.

Mwalimu mstaafu, Muheza
Vijana wangu, mnafundisha mapishi. Mtoto asiyejua ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, atajuaje kwa nini tope lilishikana? Na kuna hatari kubwa zaidi: ataondoka akiamini maji meupe ni maji salama. Zebaki ya wachenjua dhahabu ikiyeyuka majini haionekani kwa macho, na maabara zetu za shule haziwezi kuipima.

Mwalimu wa kemia, Pongwe
Shikamoo mwalimu. Hoja ya maji meupe ni nzito, basi iwe kipindi cha pili. Bika mbili za maji ya tope, moja itiwe gramu 2 za chumvi. Zote zitiwe shabu, zichujwe. Zote zitatoka bila tope, sawasawa. Chota kidogo kutoka kila moja, tia matone ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha nitrati ya fedha. Yenye chumvi inaganda nyeupe kama tui, nyingine inabadilika kidogo tu au haibadiliki. Hapo ndipo ayoni inapofundishika, maana mtoto ameshauliza mwenyewe kilichojificha ni nini.

Mwalimu mstaafu, Muheza
Marahaba. Hicho nakikubali. Lakini nitrati ya fedha ni ghali. Gawa kwa matone, mwalimu atie mwenyewe, na ikae kwenye chupa ya kahawia, mwanga unaiharibu.