Kundi la kusomeana miswada: nimechambuliwa hadi mifupa, nirudi au nisirudi?

NyuziTatu

Habari zenu wandugu. Naomba ushauri kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ni zamu yangu tena na mpaka sasa sijui kama nitakwenda.

Kundi letu tuko sita, tunakutana kila baada ya wiki mbili. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nasoma kazi za wenzangu tu, nasema "nimeipenda, hongera", narudi nyumbani. Mwezi uliopita nikajikaza, nikatuma sura ya kwanza ya riwaya yangu, kurasa 11. Mjane anauza cherehani ya marehemu mumewe. Mnunuzi anapoijaribu anakuta uzi wa mwisho alioutunga marehemu bado umo kwenye sindano. Nilitarajia watu walie.

Hakulia mtu. Wa kwanza alisema ukurasa wa 4 ukatwe wote. Wa pili akasema ukurasa huohuo mfupi mno, niurefushe. Wa tatu akauliza kwa upole kabisa, "Huyu mume alikimbilia wapi?" Nikamrukia. Hajakimbia, amekufa! Si nimeandika "tangu mumewe alipoondoka"? Kila mtu anajua maana ya kuondoka! Basi yakawa mabishano, dakika ishirini nzima nawasimulia hadithi yangu mwenyewe, mpaka anayeongoza kikao akaanza kuangalia saa. Wa nne, mtu wa maneno machache, hakusema kitu. Alinirudishia tu karatasi zangu. Ukurasa wa 2 alikuwa amezungushia duara kila "-ka-": akaingia, akaketi, akavua, akatazama, akaguna. Zilikuwa 31. Chini aliandika, "Napumua wapi?"

Pale nilicheka. Nyumbani sikucheka.

Sasa, mtu anajuaje maoni ya kushika na ya kuacha, ikiwa huyu anasema kata na yule anasema ongeza? Na ndiyo ninyamaze tu hata kama mtu amenisoma vibaya waziwazi?

mzee_wa_nukta

Pole dada, na hongera kwa kutuma. Mficha uchi hazai. Ila zile "nimeipenda" zako za miezi miwili hazikumsaidia mtu, na nadhani unajua.

Mimi kwenye kundi langu huu ni mwaka wa tisa. Nianze na la kunyamaza. Makundi mengi yana kanuni kwamba mwenye mswada hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Walioipa jina kanuni hiyo ni waandishi wa hadithi za kisayansi waliokuwa wakikutana katika mji wa Milford, Pennsylvania. Warsha ile ilianzishwa mwaka 1956 na Damon Knight, Judith Merril na James Blish, na hadi leo watu huita utaratibu huo kwa jina la mji. Mnakaa duara, kila mmoja anasema kwa zamu bila kukatizwa, mwenye kazi anajibu mwisho. Kwetu ni dakika tano kila msomaji. Mkiwa sita, hiyo ni dakika 25 za kusikiliza na tano za kwako. Nusu saa mswada umekwisha, na hakuna anayeangalia saa.

Sasa hiyo "alipoondoka". Kama usingetuambia hapa juu kwamba ni mjane, hata mimi ningedhani bwana yuko mahali anatafuta maisha. Tuna adabu zetu za kukitaja kifo: ameondoka, ametangulia, hatunaye. Mdomoni zinaeleweka kwa sababu sauti inashuka, macho yanaenda chini. Kwenye karatasi hakuna sauti wala macho.

Na hapo ndipo swali lako la kwanza linapojibika. Kata na ongeza ni dawa mbili, lakini wagonjwa hao wanaumwa mahali pamoja: ukurasa wa 4. Naamini ndipo uzi ulipo. Jaribu kuusoma kama mtu anayedhani mume amemtoroka mkewe. Mwanamke aliyetorokwa akiuza cherehani ya mume anamkomoa! Uzi uliobaki kwenye sindano unakuwa kichekesho, au uchafu tu wa mashine. Mmoja akauona hauna kazi, akasema kata. Mwingine akahisi kuna jambo hajaambiwa, akasema ongeza. Ukurasa wa 4 huenda hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye ukurasa wa 1, neno moja.

Kwa hiyo mimi huandika walipokwama wangapi na wapi. Tiba wanazopendekeza nazisikiliza kwa heshima, halafu naenda kutafuta yangu.

Pembezoni

Mzee kasema vizuri, lakini kanuni ya kunyamaza sisi tuliiacha. Kuna watu wawili walikuwa wakinyamaza kweli, wakaondoka wakiwa wamenyamaza, hawakurudi.

Tunatumia utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani. Aliubuni mwaka 1990 kwa ajili ya wasanii wa aina yoyote. Kwanza wasomaji wanasema kilichowagusa. Kisha mwenye kazi anauliza maswali yake. Kisha wasomaji wanauliza, kwa sharti kwamba swali lisibebe hukumu. Maoni yanakuja mwisho, tena kwa kuomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu ukurasa wa 4, unayataka?" Una haki ya kusema hapana.

Mwanzoni niliona ni madaha. Kilichonibadilisha ni hatua ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko inavyoonekana. "Kwa nini umerefusha hivi?" hilo si swali, ni tusi lililovaa alama ya kuulizia. "Ulitaka msomaji ajue lini kwamba mume amekufa?" Hilo ni swali. Ungeulizwa hivyo siku ile, zile dakika ishirini zingekuwa mbili.

Kundi lako huwezi kulibadilisha kabla ya Alhamisi. Ila unaweza kuweka swali lako moja au mawili juu ya ukurasa wa kwanza.

KalamuButu

Nitakuwa mchawi wenu leo. Mimi nilikaa mwaka mmoja nikatoka, na si kwa kuumizwa, walikuwa watu wema sana. Nilitoka kwa sababu nilianza kuwasikia. Naandika sentensi, kabla sijafika kwenye nukta nasikia watano wanaguna. Sura ya kwanza niliiandika mara saba. Sura ya pili haikuzaliwa mpaka nilipoacha kwenda. Siku hizi simpi mtu mswada ambao haujafika mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni mbovu.

Na hizo "-ka-", usizifyeke zote! Hiyo ndiyo miguu ya hadithi yetu inapotembea. Kama mjane wako ana haraka kwenye ukurasa wa 2, acha zikimbie. Kama amekaa tu anaitazama mashine, hapo 31 ni nyingi.

Lakini huyo mtu wa duara mshike. Asiyesema sana halafu anahesabu viambishi vyako amekusoma mara mbili, tena na kalamu mkononi.

mzee_wa_nukta

KalamuButu, la mswada kufika mwisho kwanza nakubali nusu. Ningesubiri mwisho wa riwaya yangu ya kwanza, ile "alipoondoka" yangu (nilikuwa nayo ya aina yake, tuiache) ingekuwa imetapakaa sura ishirini. La mtu wa duara nakubali lote.

NyuziTatu

Ijumaa asubuhi, narudisha majibu. Nilikwenda.

Ukiacha "-ka-" nilizopunguza ukurasa wa 2, nilibadilisha maneno mawili tu: "alipoondoka" ikawa "alipozikwa", na ile "akacheka" ya ukurasa wa 5 nikairudisha, nilikuwa nimeifuta kwa woga. Ukurasa wa 4 sikuugusa hata herufi. Juu ya ukurasa wa kwanza nikaweka swali: "Ulijua lini kwamba mume amekufa?" Kabla ya zamu yangu ilikuwa zamu ya mtu wa duara, ana shairi. Mara hii sikusema "nimeipenda". Nilimwambia ubeti wa tatu nilidhani anazungumza na mama yake, wa nne nikagundua ni bahari, na sikujua kama nimefurahi kudanganywa. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Sijui nini.

Kwangu: watano wote walijibu "mstari wa pili". Aliyesema ukurasa wa 4 ukatwe hakuutaja kabisa. Aliyetaka niurefushe bado anataka niurefushe, nadhani huyo atataka hivyo mpaka siku ya mwisho. Nilikaa kimya na kalamu, mzee, ungeniona.

Kisha ukurasa wa 5. Nimeandika: "Alimtazama, akacheka, akamrudishia pesa." Kichwani mwangu aliyecheka ni mnunuzi. Wasomaji watatu kati ya watano wamesoma kwamba aliyecheka ni mjane. Nani afanye nini na hiki kiambishi "a-" kisichojua mwanamume wala mwanamke! Nilifungua mdomo nieleze, mtu wa duara akaninyooshea kidole bila kuinua macho. Nikaufunga.

Nilirudi nimejiandaa kuweka neno "mnunuzi" pale, sekunde mbili kazi imekwisha. Sijaliweka. Tangu jana usiku namwona mjane akicheka, na cheko lenyewe linafaa kuliko la mnunuzi. Tatizo ni kwamba akicheka yeye, ndiye anayerudisha pesa, cherehani haiuzwi, na sura ya pili yote imejengwa juu ya cherehani iliyouzwa.

KalamuButu, "-ka-" zimebaki 19. Sipunguzi tena.