Rota ya mota moja isiyo na brashi inaweza kuhamia kwenye stata ya nyingine?

Muulizaji, Tengeru
Wakuu, salaam. Ninazo mota mbili za boti ya rimoti, zote za 3660, yaani kipenyo cha nje milimita 36 na urefu milimita 60. Ya kwanza ni ya KV 2070, yaani mizunguko 2,070 kwa dakika kwa kila volti moja, bila mzigo. Beringi yake ya nyuma iliingia maji Ziwa Duluti, ikashika kutu na kuvunjika, na rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ikayumba hadi sumaku zake zikabanduka, ingawa koili nimezipima na ni nzima. Ya pili ni ya KV 1620. Koili zake zimeungua, lakini rota haina hata mkwaruzo. Nikiihamisha rota hii kwenye stata ya kwanza, yaani sehemu isiyozunguka yenye koili, nitapata mota ya KV ngapi?

Msafiri, Moshi
Namba za nje zikifanana, ingiza tu, ndugu yangu. Nilifanya hivyo, na boti yangu bado inakimbia Nyumba ya Mungu.

Fundi, Njiro
Mkuu wa Moshi alibahatisha. Hizo 36 na 60 ni vipimo vya ganda, wala hazisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. KV hutokana na idadi ya mizunguko ya waya pamoja na nguvu ya sumaku. Kwa hiyo, sumaku zikiwa sawa, utapata karibu 2070 ileile ya koili, lakini zikiwa fupi au dhaifu KV itapanda, mota itavuta umeme mwingi zaidi, na kidhibiti mwendo ndicho kitakacholipa deni.

Pima kwa vernia kipenyo cha rota, urefu wa sumaku na shafti. Kisha chukua kisumaku kidogo, kielekeze upande uleule na ukizungushe polepole kandokando ya rota: kikivutwa mara mbili na kusukumwa mara mbili, rota ina ncha 4 za sumaku, kikivutwa mara moja tu, ina ncha 2, na stata iliyosukwa kwa ncha 4 haitaizungusha ipasavyo. Wakati wa kuingiza, zungushia rota kipande cha plastiki cha chupa ya maji, kwa sababu stata huivuta ghafla, na kidole kikibanwa hapo utakumbuka.

Ukishafunga, izungushe mota kwa drili ya mizunguko 2,000 kwa dakika, upime volti za AC kati ya nyaya mbili, uzidishe kwa 1.414, halafu ugawe 2,000 kwa jibu hilo. Hiyo ndiyo KV yako, kwa makadirio.

Muulizaji, Tengeru
Ahsante, fundi. Ncha ni 4 kwa zote na vipenyo vinalingana, ila sumaku ya pili ni fupi kwa milimita 4. Beringi mpya nimepata, namba 625. Drili imenipa volti 0.63, sawa na KV 2,245 hivi. Kwa betri ya seli 3 yenye volti 11.1 ni mizunguko karibu 24,900 bila mzigo, badala ya 23,000. Nafikiria kushuka kutoka propela ya milimita 42 hadi 40.

Fundi, Njiro
Anza na hiyo ya 40, lakini kimbiza dakika mbili tu, urudishe boti ukingoni na uguse mota. Ikikuchoma, shuka tena.