Naomba ushauri: mzee wangu kaandikwa mwaka wa kuzaliwa usio wake kazini, wanataka kumstaafisha

Wakuu habari zenu. Mzee wangu ni fundi kwenye kiwanda kimoja binafsi, aliajiriwa 1993 na karani akamuandikia kwenye faili kazaliwa 1966 wakati mzee ni wa 1969, sasa HR wamempa barua eti anafikisha 60 astaafu kwa lazima. Miaka mitatu ya mshahara na michango ya NSSF inapotea hivi hivi na mdogo wangu bado yuko chuo!

Kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA vyote vinasema 1969 ila HR wanakomaa kwamba cheti kimekatwa juzi juzi tu. Tunacho cheti cha ubatizo cha zamani kabla hata hajaajiriwa, mi naona hicho ndo kina uzito maana hakuna aliyekitafuta kwa ajili ya kustaafu.

Najua CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi) mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 na mingine 60, sasa hizo siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua au siku atakayotoka? Na tule kiapo kwa wakili kwanza au tuanze na NSSF? Mwanasheria yeyote anisaidie tafadhali, mzee hana amani kabisa.