Seramu ya uso ya vitamini C ya kujitengenezea: yako ilikaa siku ngapi? Tupeane uzoefu

Wapendwa, Jumamosi nilisaga vidonge vya vitamini C, vile vya machungwa vya kumung'unya, nikakoroga na maji ya waridi na gliserini. Jumatano chupa imegeuka chai ya rangi, na usoni inanata. Mliofanikiwa, njooni.

Mama Nasra: Pole shosti. Vidonge hivyo vina sukari na rangi, lazima inate. Tafuta unga mtupu wa asidi ya askobiki, ndiyo vitamini C yenyewe. Ila hata mimi na unga wangu mtupu ilinigeuka siku ya tatu. Kosa lilikuwa maji. Kwetu ni kisima, birika lote limeshika ukoko mweupe, nikadhani nikichemsha yametosha. Kumbe kuchemsha kunaua vijidudu, ila madini hayaondoki yote, na chembe za chuma au shaba ndizo zinazoiharakisha vitamini C iharibiwe na hewa. Sasa natumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi maji, bila madini. Na tafadhali, usiende kuuliza "maji ya betri" ukapewa asidi!

Mzee wa Vipimo: Kijiko kinadanganya. Nunua mizani ndogo kama ya sonara. Mimi napima unga gramu 3, gliserini 3, maji 24, inakuwa asilimia 10. Halafu karatasi ya pH, ya kupima ukali wa asidi (namba ndogo, asidi kali): isizidi 3.5. Ikiwa chini sana inachoma, naongeza punje chache za bekingi soda, napima tena. Chupa ya kahawia, friji, ikipita wiki namwaga hata kama bado inang'aa, maana sina kihifadhi humo.

Bi Tausi: Mie nilipasua vidonge vya vitamini E nikatia, mafuta yakaelea juu kama mchuzi wa kuku wa kienyeji. 😂

Mzee wa Vipimo: Wazo si baya, bi mkubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2005 uliweka C asilimia 15, E asilimia 1 na asidi ya feruliki (inayotoka kwenye mimea) nusu asilimia, ikatulia vizuri zaidi. Ila E ni mafuta, bila kitu cha kuunganisha mafuta na maji haichanganyiki.

Kidoti: Mwenzenu nilipaka ndimu, nikatoka juani. Nilipata malengelenge, kisha alama nyeusi shingoni wiki kadhaa. Ndimu ziacheni kwenye pilau.

Mleta mada: Nimerudi. Unga mtupu, maji yaliyokenekwa, siku ya sita leo, bado nyeupe. Nimeandika SI JUISI kwenye chupa, maana kaka yangu na friji nawajua.