Naomba ushauri: boma la zahanati limekwama kwenye lenta

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Niko kijijini, huku uwanda wa Makonde, Mtwara.

Misimu miwili tulikubali kukatwa shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho kupitia chama cha msingi cha ushirika, tujenge zahanati. Kina mama walibeba maji ya kufyatulia matofali, na maji ya huku mnayajua yalivyo. Boma likafika lenta, yaani kuta zimefika juu ya milango na madirisha. Diwani akaahidi kwamba halmashauri itapaua. Ndiyo imetoka hiyo. Ndani ya chumba cha kujifungulia sasa umeota mpapai, na ushaanza kuzaa.

Sisemi diwani kala hela; barabara ya kuingia kijijini kaipigania kweli. Ila nikimpigia ananiambia "bajeti ijayo". Mtendaji wa kijiji nimemuomba mara mbili abandike mapato na matumizi ya ile michango, akasema mhuri uko kwa mwenyekiti (mhuri na kubandika karatasi wapi na wapi?). Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila miezi mitatu, tangu palizi haujaitishwa.

Naomba kujua mawili. Wananchi tunaushinikizaje uongozi uitishe mkutano bila kuonekana tunafanya siasa? Na tukitaka mabati kupitia Mfuko wa Jimbo (zile fedha za maendeleo ya jimbo ambazo kamati yake inaongozwa na mbunge), ombi lazima lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani huyuhuyu, au tunaweza kumwandikia mbunge moja kwa moja?

Muhtasari wa kikao kilichopitisha makato ninao.