Anayeonyesha tundu naye ni mdukuzi? Tuijadili Sheria ya Makosa ya Mtandao

Mleta mada:

Wakuu habari za jioni. Naleta hili tulijadili kwa utulivu maana limenikaa kifuani mwaka wa pili sasa.

Mi nina steshenari, kazi yangu kubwa ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia watoto maombi ya vyuo mtandaoni. Siku moja namjazia binti mmoja fomu, baba yake kakaa pembeni kwenye benchi anasubiri, kule juu kwenye anwani ya ukurasa mwishoni kulikuwa na namba inaishia na 46. Nikakosea kuiandika nikaweka 47, nikabonyeza, ikafunguka fomu ya mtoto mwingine kabisa simjui, picha ya paspoti, cheti cha kuzaliwa, namba ya simu ya mama yake, matokeo ya kidato cha nne, vyote viko mezani. Haikuniuliza neno la siri wala nini. Nikaifunga hapohapo mkono unatetemeka, kesho yake nikapiga simu chuoni niwaambie jamani mlango wenu uko wazi. Aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza jina langu kamili na duka liko wapi, akasema unajua kuingia kwenye sistimu ya watu ni jela? Nikakata simu. Sikurudi kuwaambia tena.

Nikaenda kuisoma sheria yenyewe, Sheria yetu ya Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ile iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na kama ilivyopitishwa adhabu ni faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Angalieni hilo neno isiyopungua, yaani hiyo ndo chini kabisa, kutoka hapo ni kupanda. Udanganyifu wa kompyuta, kifungu cha 12, ni milioni 20 kwenda juu au miaka 7 kwenda juu, hapo sina ugomvi, mwizi afungwe. Ugomvi wangu uko kwenye hicho cha 4, nimekisoma na kukirudia sijaona mahali kinamkinga aliyeona tundu kwa nia njema akaenda kusema.

Na siyo sisi tu. Marekani kila jimbo lina sheria yake ya kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa, mbali na ile ya nchi nzima. Oktoba 2021 huko Missouri mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch aligundua tovuti ya idara ya elimu ina namba za hifadhi ya jamii za walimu, zile za siri zinazomtambulisha mtu kule, zaidi ya 100,000 walikuwa hatarini, na zilikaa kwenye HTML, yale maandishi ya nyuma yanayojenga ukurasa, ambayo yeyote mwenye brauza anaifungua. Gazeti likawaambia kwanza wenyewe, likasubiri warekebishe ndo likachapisha. Gavana Mike Parson akaita waandishi akamwita huyo mtu mdukuzi, suala likapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mpaka Februari 2022 ndo akaambiwa hakuna kesi. Miezi minne yote hiyo mtu analala akijua anaweza kushtakiwa kwa kuwaambia watu ukweli.

Mchangiaji:

Mkuu pole kwa yaliyokukuta ila mi nakupinga. Mama yangu yuko Newala, alipigiwa simu na mtu anajiita huduma kwa wateja, akamtajia majina yake yote matatu, akamwambia bonyeza hivi bonyeza vile, hela ya korosho ya msimu mzima ikaondoka pale. Huyo mtu majina ya mama aliyatoa wapi kama siyo kwa hawa wapekuzi? Ukiweka kifungu cha nia njema kila mwizi akikamatwa atasema afande nilikuwa nakagua usalama tu. Ukimkuta mtu usiku sebuleni kwako akakwambia nilikuwa naangalia kitasa kama kizima, utampa chai? Sheria iwe kali hivihivi, ukiona mlango wa mtu uko wazi pita zako.

Mleta mada:

Ndugu yangu mpe mama pole sana, hela ya korosho ni jasho la mwaka. Ila rudi kwenye swali lako mwenyewe, majina ya mama yalitoka wapi? Inawezekana kabisa yalitoka kwenye fomu kama ile niliyoiona mimi, iliyoachwa wazi, na mtu aliyeiona akaambiwa anyamaze. Mfano wa sebule haukai sawa, sebule ni yako na vitu ni vyako. Huku ni kama kabati la mafaili ya wagonjwa limeachwa barazani, mpita njia kaona jina la jirani yake akagonga kumwambia nesi. Mkimfunga huyo, mwingine atagonga?

Na hiyo ya mwizi kujisingizia, tofauti inaonekana. Mi nilifungua fomu moja mara moja, kumbukumbu za sistimu yao zitaonyesha, nikapiga kwa namba yangu, sikupakua, sikuomba hata mia. Mwizi utamkuta na mafaili kibao kwenye flashi. Ubelgiji tangu 2023 wameliweka kwenye sheria, unakingwa kwa masharti, utoe taarifa upesi, usiende mbali zaidi ya kuthibitisha tundu lipo.

Halafu kifungu kipana hakimpati mwizi tu. Kenya Mei 30, 2025 walimkamata Rose Njeri, mtengeneza programu, kisa katengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni ya Muswada wa Fedha bungeni kwa barua pepe, wakamshtaki kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini chini ya sheria yao ya 2018. Juni 20 hakimu akalitupa shtaka kwamba halionyeshi kosa, lakini mahabusu alishalala.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo. Mi naomba mtu aweze kupeleka habari ya tundu kule Tume, akishapeleka kifungu cha 4 kisimguse, na mwenye tovuti ndo aanze kuulizwa. Wanasheria mliomo, hilo mpaka lirudi bungeni au kanuni za waziri zinatosha?

Nauliza kwa sababu maombi yamefunguliwa tena. Juzi kaja mzazi na kijana wake, chuo kilekile, ile namba bado iko kule juu mwishoni. Nikajaza, nikachapa, nikawapa karatasi yao. Kama mlango walishaufunga sijui, na kujaribu sijathubutu.